Safari ya Kwenda Mwaka 1947 kwa Kibodi

Katika fomu nyingi ambazo Mkenya huzijaza tangu aingie shuleni hadi azeeke, hakuna kisanduku kinachoonekana chepesi kuliko kile cha tarehe. Jina la mtu huweza kuandikwa kwa tahajia tatu, na jina la kijiji huweza kubadilika kila chifu anapobadilika, lakini tarehe ni tarakimu nane tu: mbili za siku, mbili za mwezi na nne za mwaka. Hata hivyo, kwa wazee wengi wa Kisii na Nyamira, kisanduku hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Azma yangu katika makala haya ni kusimulia jinsi programu moja ya tarakilishi, isiyo na makeke yoyote, ilivyonifunza kwamba wazee wetu wanajua walizaliwa lini. Ugumu umo katika namna wanavyoulizwa.

Programu ninayoizungumzia huitwa Emacs. Ni kihariri matini, yaani programu ya kuandikia maandishi matupu yasiyo na mapambo. Chimbuko lake ni miaka ya 1970 katika taasisi ya MIT nchini Marekani, na toleo linalotumiwa sana hadi leo lilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1984. Ndani yake mna kalenda iliyoandikwa na Edward Reingold, msomi ambaye mwaka 1997, akishirikiana na Nachum Dershowitz, alichapisha kitabu kizima kuhusu hesabu za kalenda za mataifa mbalimbali. Mwaka 2003 mwanafalaki Carsten Dominik wa Chuo Kikuu cha Amsterdam alibuni daftari liitwalo Org, ambalo hufanya kazi ndani ya Emacs na kuitumia kalenda hiyo. Nilianza kulitumia kwa sababu ya uhaba. Nilikuwa nimerithi kutoka kwa binamu yangu tarakilishi kuukuu isiyoweza kubeba programu nzito, na kipanya chake kilikuwa kimekufa zamani. Kibodi ndiyo iliyobaki hai.

Msomaji mpenzi, niruhusu nieleze namna tarehe inavyochaguliwa humo, maana hoja yangu yote imejengwa juu ya jambo hilo. Ukiwa unaandika na ukahitaji tarehe, unabonyeza vitufe vichache na kalenda ya miezi mitatu inaibuka chini ya maandishi: mwezi uliopita, mwezi huu na mwezi ujao. Kalenda hii ibukizi haihitaji kipanya. Ukishikilia kitufe cha Shift na kubonyeza mshale wa kulia, unasogea siku moja mbele. Mshale wa kushoto unakurudisha siku moja nyuma. Mshale wa chini unakupeleka wiki moja mbele, na wa juu wiki moja nyuma. Ukiongeza kitufe cha Alt, mishale ya kulia na kushoto inavuka mwezi mzima, na ile ya chini na juu inavuka mwaka mzima. Ukifika unakokwenda, unabonyeza Enter, na tarehe inajiandika ndani ya matini pamoja na jina la siku yake.

Matumizi yangu ya kwanza yalikuwa ya majani chai. Mama yangu ana shamba dogo la chai upande wa Kebirigo katika Kaunti ya Nyamira, na alitaka mtu wa kumwekea kumbukumbu ya kila siku ya uchumaji na kilo zilizopimwa kituoni. Chai huchumwa kwa mizunguko. Mvua ikinyesha vizuri, shamba hurudiwa baada ya siku saba au zaidi kidogo. Ukame ukiingia, mzunguko hurefuka. Kwa hiyo nilipomaliza kuandika uchumaji wa leo, nilibonyeza mshale wa chini mara moja, nami nikawa nimepanga uchumaji wa wiki ijayo. Mwaka wa hesabu wa KTDA hufungwa tarehe 30 Juni, na malipo ya pili, ambayo wakulima huyaita bonasi, huja miezi michache baadaye. Mama alipenda kuijua safari iliyosalia kabla ya siku hiyo. Aliniuliza, “Ni michumo mingapi?” Sikumbuki hata siku moja aliponiuliza ni tarehe ngapi. Nilihesabu kwa kidole kwenye mshale, naye akahesabu kwa vidole vya mkono, na aghalabu tulikubaliana.

Ndipo nilipoanza kuona kwamba kalenda ile inakwenda kwa mwendo ambao lugha yetu imeujua tangu kale. Kiswahili hakihitaji tarakimu ili kusogea ndani ya siku. Tuna juzi na jana, tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Katika daftari la Org, badala ya kutumia mishale, mtu anaweza kuandika alama ya kujumlisha na nambari: kujumlisha moja ni kesho, mbili ni kesho kutwa, tatu ni mtondo, nne ni mtondogoo. Maneno haya mawili ya mwisho hatuyasikii tena vinywani mwa vijana, na wapo wanaoyadhania kuwa mapambo ya washairi. Kwangu yalipata kazi upya, kwa kuwa niligundua kwamba programu iliyoandikwa ng’ambo ilikuwa na nafasi tayari ya kuyapokea.

Kwa vile kalenda ya Emacs huruhusu majina ya siku na miezi kubadilishwa, niliyaandika yote kwa Kiswahili. Hapo nikakumbana na swali ambalo sikulitarajia: wiki ianze siku gani? Kwa kawaida yake kalenda hiyo huanza Jumapili. Ofisi na shule zetu huanza Jumatatu. Lakini majina yenyewe yanasema jambo jingine. Mosi ya Jumamosi ni moja, pili ya Jumapili ni mbili, na hesabu inaendelea tatu, nne, tano hadi tufike Alhamisi na Ijumaa, siku ambayo kwa Waislamu wa pwani ndiyo kilele cha wiki. Niliiamuru kalenda ianze Jumamosi, na kila jina likakaa mahali pake: Jumatatu katika safu ya tatu, Jumanne katika safu ya nne, Jumatano katika ya tano. Nilifurahi kama mtu aliyefumbua fumbo.

Furaha hiyo haikufika mbali. Nyanya yangu, ambaye kwa Ekegusii namwita Magokoro, ni Msabato wa tangu utotoni. Kanisa la Waadventista Wasabato limekita mizizi Gusii tangu miaka ya 1910, na kwa waumini wake Jumamosi ni siku ya saba, siku ya kupumzika. Magokoro alipoiona ikiwa ya kwanza kushoto alitikisa kichwa. “Mungu hakuanza kwa kupumzika,” alisema. Nikairudisha wiki ianze Jumapili, na Sabato ikahamia ukingoni mwa kulia. Nilifanya hivyo kwa heshima tu. Sikujua kwamba ukingo huo wa kulia ungekuja kutufaa.

Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee waliotimu miaka 70 kiasi cha Sh2,000 kwa mwezi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa au la. Kwa mjane anayeishi karibu na Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, shilingi elfu mbili ni sukari, mafuta ya taa na dawa za shinikizo la damu. Marika wa Magokoro waliandikishwa, naye hakuandikishwa. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1952, hivyo alikuwa na miaka 66. Tarehe hiyo hakuitoa yeye. Wanawake walianza kupewa vitambulisho baada ya sheria ya usajili kurekebishwa mwaka 1978. Siku alipokwenda kuandikishwa, aliulizwa tarehe yake ya kuzaliwa, akaanza kueleza, na aliyekuwa akiandika hakuwa na subira. Alimtazama usoni, akakadiria mwaka, akaujazia Januari mosi. Nimekutana na wazee wengi waliozaliwa siku hiyo. Mtu akizisoma kadi zao bila kujua, atadhani kwamba akina mama wa Gusii walijifungua wote siku ya mwaka mpya.

Mwezi Aprili mwaka huo tuliingia katika duka moja la huduma za mtandao ili tujaze fomu ya kuomba marekebisho. Fomu ile nayo ilikuwa na kalenda ibukizi, lakini haikukubali kuandikiwa tarehe kwa kibodi. Ilifunguka katika mwezi uliokuwepo, na njia pekee ya kurudi nyuma ilikuwa kubofya kishale kidogo kwa kipanya, mwezi mmoja kwa kila mbofyo. Nilipiga hesabu baadaye: kutoka Aprili 2018 hadi Agosti 1947 ni miezi 848. Kijana wa duka, ambaye alikuwa na foleni ndefu ya wanafunzi, alituonea huruma. “Magokoro, tuweke Januari mosi,” alisema kwa upole. “Wazee wote huwekwa hapo.”

Magokoro alimjibu, “Mwanangu, mimi sikuzaliwa Januari. Januari hakuna mavuno ya wimbi.”

Jibu hilo lilinizindua. Kwa miaka arobaini mtu huyu alikuwa akiulizwa tarehe, akijibu kwa mavuno, na jibu lake likitupwa kwa kuwa halikuenea katika kisanduku. Tulirudi nyumbani bila kujaza fomu. Jioni nilimketisha karibu na meko, nikafungua tarakilishi, nikamwomba anieleze yote aliyoambiwa na marehemu mama yake, bila haraka na bila kuanza na mwaka.

Alinieleza mambo manne. La kwanza, baba yake alikuwa askari wa KAR aliyepelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na karatasi yake ya kuachishwa jeshi ingali ndani ya kijisanduku cha bati. La pili, tangu baba arudi hadi yeye azaliwe, wimbi, ambayo kwetu ni obori, ilivunwa mara mbili, na alizaliwa wakati wa mavuno hayo ya pili. La tatu, mama yake alishikwa na uchungu Sabato ilipokuwa ikiingia, akajifungua kabla ya mapambazuko. La nne, jua lilipokuwa likitua upande wa ziwani, mwezi ulikuwa ukichomoza upande wa Sotik. Mama yake aliupenda sana mkasa huo wa mianga miwili, akamsimulia mara nyingi.

Tulifungua kijisanduku. Karatasi ilikuwa imeliwa na mende pembezoni, lakini tarehe ilisomeka: 14 Machi 1946. Hicho kilikuwa kigingi cha kwanza. Niliandika maelezo yote katika daftari langu, kisha nikaita kalenda na kuanza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka kwa Alt, Shift na mshale wa juu. Magokoro aliketi kando akiniuliza tumefika wapi. Nilimwambia 1992, 1978, 1963. Alitaja aliyezaliwa au aliyefariki katika baadhi ya miaka hiyo, kama abiria anayetaja vituo. Tulipofika Machi 1946, kalenda ilionyesha kwamba siku aliyoachishwa baba yake ilikuwa Alhamisi.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Nilipobonyeza Enter ili tarehe hiyo ijiandike, daftari liliandika mwaka 1970 badala ya 1946, likaongeza onyo dogo kwamba mwaka umelazimishwa. Tarakilishi zilizofuata mfumo wa Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kwa tahadhari daftari lile lilikuwa limepangwa lisipokee miaka iliyo kabla ya 1970 wala baada ya 2037. Kumbe mashine nayo ina Januari mosi yake, na wote waliozaliwa kabla yake husukumwa hadi mlangoni mwake! Tofauti ilikuwa moja: kizuizi hiki kiliandikwa wazi katika maelezo ya programu, na mstari mmoja wa mipangilio ulitosha kukiondoa. Nilikiondoa, na mwaka 1946 ukaandikwa kama ulivyo.

Kutoka hapo tulisonga mbele. Kwetu wimbi huvunwa Julai na Agosti. Mavuno ya kwanza baada ya baba kurudi yalikuwa ya 1946, na ya pili yakawa ya 1947. Nilivuka mwaka, nikasimama Jumamosi ya kwanza ya Julai 1947, yaani tarehe 5. Kwa kuwa Sabato zote zilikuwa zimejipanga katika ukingo wa kulia, nilichohitaji ni mshale wa chini tu: 12, 19, 26, kisha Agosti 2, 9, 16, 23 na 30. Sabato tisa. Mtu ambaye kadi yake ilimkosea kwa zaidi ya miaka minne alikuwa amebakiwa na siku tisa za kuchagua, na tulikuwa bado hatujaugusa mwezi.

Kalenda ya Emacs huonyesha pia hali za mwezi angani kwa kitufe kimoja. Mwezi mpevu wa Julai 1947 ulikuwa tarehe 3, unaofuata ulikuwa alfajiri ya tarehe 2 Agosti, na wa tatu ulikuwa tarehe 31 Agosti. Kila mtoto wa shamba anajua kwamba mwezi huchomoza jua likitua pale tu unapokuwa mpevu. Siku moja au mbili kabla, jua hutua likiuacha mwezi tayari umepanda. Siku moja baada, giza huingia kwanza. Ijumaa ya tarehe 4 Julai mwezi ulichelewa. Ijumaa ya tarehe 29 Agosti uliwahi mno. Ijumaa ya tarehe 1 Agosti, Sabato ilipokuwa ikiingia, jua na mwezi vilitazamana, kimoja upande wa ziwani na kingine upande wa Sotik. Magokoro alizaliwa usiku huo kabla ya mapambazuko: Jumamosi, tarehe 2 Agosti 1947.

Nilimsomea tarehe hiyo kwa sauti. Hakushangaa. Alisema tu, “Si nilikwambia?”

Angejifungua mamaye kabla ya saa sita ya usiku, tungepata utata mwingine, kwa sababu mashine hubadilisha siku usiku wa manane, ilhali Sabato huanza jua linapotua. Waswahili wa pwani nao, kwa desturi, huutanguliza usiku mbele ya mchana, hata usiku wa kuamkia Jumamosi ukaitwa usiku wa Jumamosi. Katika jambo hili mama mkulima wa Gusii na mvuvi wa Lamu wana saa moja, nayo siyo saa ya tarakilishi.

Wako watakaouliza iwapo ushahidi huo ulitosha. Kisheria haukutosha peke yake. Ilibidi Magokoro apimwe umri na daktari katika hospitali ya umma, ambaye alikadiria kwamba amepita miaka 70, kisha ale kiapo mbele ya wakili. Katika hati ya kiapo tuliandika yale mambo manne kwa mpangilio: karatasi ya jeshi, mavuno, Sabato na mwezi. Wakili aliisoma mara mbili, akasema hajapata kuona hati ya tarehe iliyonyooka namna hiyo. Kadi mpya ilitoka baada ya miezi mingi, ikiwa na siku, mwezi na mwaka wake halisi. Fedha za miezi aliyosubiri hazikulipwa, wala hakuzidai. Alichodai ni kwamba ile kadi ya Januari ikatwe mbele ya macho yake.

Wapenzi wa Kiswahili, tumezoea kudhani kwamba kazi yetu katika teknolojia ni kutafuta majina: hiki kiitwe kipanya, kile kiitwe kibodi. Ni kazi ya heshima, na tuna mifano mizuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Lakini kisanduku cha tarehe kikitafsiriwa kwa Kiswahili sanifu na bado kikamlazimisha mzee kuanza na mwaka asioujua, tutakuwa tumempa mlango uleule wenye kibao kipya. Lugha ni pamoja na utaratibu wa kuuliza. Fomu inayojua Kiswahili ingemwuliza mzee ni nani alikuwa amerudi, ni nini kilichokuwa kikivunwa, ilikuwa siku gani ya wiki, na usiku ulikuwa na mwezi au giza. Kisha mashine, ambayo haichoki kuhesabu, ingetembea naye hadi siku yenyewe.

Hadi mashine hizo zije, kazi hiyo ni yetu sisi tulio na vidole vyepesi. Wengi wetu tutarudi makwetu likizoni, na humo nyumbani mna watu waliozaliwa Januari mosi. Ketini nao. Waulizeni kwa utaratibu wao, mfungue visanduku vya bati kabla mende hawajamaliza karatasi, na mwandike wanayosema. Mwaka 2025 ulikuwa na kalenda sawasawa na ya 1947, hivyo tarehe 2 Agosti iliangukia tena Sabato. Magokoro alitimiza miaka 78 akiwa kanisani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliombewa siku ya kuzaliwa kwake.